Mtu wa Makaburini: Uchambuzi wa Kisa cha Legioni

Katika visa vyote vya kutoa pepo vilivyomo kwenye Injili, hakuna kirefu wala cha ajabu kama kile cha Marko sura ya 5. Mashua inatia nanga upande wa mashariki wa ziwa la Galilaya, kwa watu wasio Wayahudi. Yesu hajafika mbali anatokewa na mtu anayeishi makaburini. Watu wamejaribu kumfunga kwa pingu na minyororo, yeye akaikata yote. Usiku na mchana anapiga kelele milimani na kujikatakata kwa mawe. Anakuja mbio, anaanguka miguuni, anapaza sauti. Yanafuata mahojiano: jina lako nani? “Legioni, kwa kuwa tu wengi.” Pepo wanasihi wasifukuzwe katika nchi ile, wanaomba waingie kwenye kundi la nguruwe lililo karibu, wanaruhusiwa, na nguruwe wapatao 2,000 wanatimka gengeni na kufa maji. Wachungaji wanakimbilia mjini kutoa habari. Watu wanakuja kutazama, wanamkuta yule yule ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Wanaogopa. Halafu wanamwomba Yesu aondoke kwao.

Kisa hiki kimegombaniwa na wakubwa. Kati ya 1889 na 1891, mwanabiolojia Thomas Huxley na William Gladstone, aliyekuwa amekwisha kuwa waziri mkuu wa Uingereza, walilumbana kwa maandishi kuhusu nguruwe hawa. Gladstone alitaka ionekane kwamba wenye nguruwe walikuwa watu wa Torati waliovunja sheria ya Musa, kwa hiyo hasara iliwastahili. Huxley akamjibu kwamba miji ya upande ule ilikuwa ya Kiyunani, na mtu asiyefungwa na Torati ana haki ya kufuga anachotaka. Ni mjadala mtamu kuusoma, ila una kasoro moja kubwa: mabwana hawa wawili walishughulikia mali wakamsahau mgonjwa.

Wengi wanaokisoma leo wanataka jibu moja. Ama lilitokea kama lilivyoandikwa, ama ni ugonjwa wa akili uliopewa jina la pepo, ama ni fumbo la kisiasa juu ya Warumi. Kama pepo wapo au hawapo, hilo mwanahistoria hana mizani ya kulipima, na sitajifanya ninayo. Ninachoweza kuchambua ni maandishi, mahali, na tabia za binadamu. Nikifanya hivyo naona kwamba hakuna jibu moja linalokimeza kisa kizima, kwa sababu kisa chenyewe si kitu kimoja. Kina tabaka, na kila tabaka lina maelezo yake.

Mahali na mkono wa wasimulizi

Tuanze na mahali. Hati za kale zilizo bora zaidi za Marko zinasema nchi ya Wagerasi. Gerasa ndio Jerash ya leo nchini Yordani, na kutoka pale hadi ziwani ni kama kilomita 55. Nguruwe wakitimka kutoka Gerasa wangepita urefu wa marathoni kabla ya kufika majini. Hati nyingine zinasema Gadara, ambayo ni Umm Qais ya leo, kama kilomita 10 kutoka ziwani, na ardhi ya mji ule huenda ilifika ufukweni. Origen, msomi wa Kikristo wa karne ya 3, aliliona tatizo hili akasema Gerasa haina ziwa wala genge karibu, na Gadara haifai pia. Akapendekeza Gergesa, mahali palipokuwa kando ya ziwa. Pande hizo, Kursi, ujenzi wa barabara mwaka 1970 ulifukua monasteri kubwa ya enzi za Bizanti iliyojengwa kwa kumbukumbu ya muujiza huu. Mahujaji walishaamua. Ila uamuzi wa mahujaji wa karne ya 5 si ushahidi wa karne ya 1.

Maana ya haya ni kwamba aliyekiandika kisa hakuijua vizuri ramani ya ng'ambo ile, au alipokea kisa ambacho tayari kilikuwa na jina la mji mkubwa limebandikwa juu ya tukio la kijijini. Jambo la kawaida sana. Mtu wa Mkuranga akifika ugenini husema ametoka Dar es Salaam.

Wasomi wengi wanaiweka Injili ya Marko karibu na mwaka 70, yaani miaka 40 hivi baada ya Yesu, na wanakubali kwamba Mathayo na Luka walikuwa nayo mkononi walipoandika za kwao. Hapo tunapata bahati ambayo wachambuzi wa visa vya kale huipata mara chache: tunaona wasimulizi wakifanya kazi. Aya 20 za Marko zimekuwa 7 kwa Mathayo. Mtu mmoja amekuwa wawili. Jina la Legioni halipo, hesabu ya nguruwe haipo, mahojiano yamekatwa. Luka anabaki na Legioni, lakini ombi la pepo kwamba wasifukuzwe katika nchi ile linakuwa ombi la kutopelekwa kuzimu. Kama ndani ya kizazi kimoja watu waliokuwa na maandishi mbele yao walipunguza na kugeuza kiasi hiki, hatuna sababu ya kudhani kwamba ile miaka 40 ya masimulizi ya mdomo iliacha kila kitu mahali pake.

Beseni la Eleazari

Tabaka ambalo ni rahisi kulitenga ni nguruwe.

Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ile ya 1, anasimulia alichokishuhudia mwenyewe mbele ya Vespasian, jemadari wa Kirumi aliyekuja kuwa kaisari, wanawe na maofisa wa jeshi lake. Myahudi mmoja aitwaye Eleazari alimwekea mwenye pepo pete puani. Chini ya kito cha pete palikuwa na mzizi uliosemekana kuwa ni wa maarifa ya Sulemani. Mtu yule aliponusa, Eleazari akamvuta pepo kupitia puani, mgonjwa akaanguka, naye akamwapiza pepo kwa jina la Sulemani asirudi tena. Kisha, ili waliokuwepo wasadiki, Eleazari alikuwa ameweka kando kikombe au beseni la kunawia miguu lililojaa maji, akamwamuru pepo alipindue anapotoka. Beseni likapinduka.

Kwa mtu wa kale, kutoka kwa pepo kulihitaji ushahidi wa macho. Katika maisha ya Apollonius wa Tyana, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyesifiwa kwa miujiza, yaliyoandikwa na Philostratus karne ya 3, kijana mmoja anapotolewa pepo mjini Athene, sanamu iliyosimama karibu inatikisika na kuporomoka. Beseni, sanamu, nguruwe: vitu vitatu, kazi moja. Pepo haonekani, basi kitu kinachoonekana lazima kianguke. Kwa hiyo nguruwe wanakaa vizuri kabisa ndani ya mtindo wa kusimulia visa vya aina hii, na mtindo huo ulijulikana kwa Wayahudi na kwa Wayunani.

Mwanzoni mwa karne ya 19 wapo wasomi wa Ujerumani waliojaribu kuwaokoa nguruwe kwa maelezo ya kawaida: kichaa aliwarukia, wakashtuka, wakatimka. David Friedrich Strauss, katika kitabu chake cha 1835 juu ya maisha ya Yesu, aliyapiga vita maelezo ya namna hiyo, na hapo namuunga mkono. Maandishi hayasemi mtu aliwarukia nguruwe. Anayesema hivyo ameshaandika injili yake mwenyewe. Tena nguruwe huogelea. Unaweza kuwatosa majini, lakini 2,000 kufa wote kwa mpigo ni habari nyingine.

Kuna pia Isaya 65, ambako nabii anawalaumu watu wanaoketi makaburini, wanaolala mahali pa siri na kula nyama ya nguruwe. Makaburi, nguruwe na uchafu wa kidini viko pamoja pale, karne nyingi kabla ya Marko. Aliyelelewa katika maandiko na akataka kuipaka rangi nchi ya wasio Wayahudi alikuwa na wino tayari.

Legioni ya nani?

Legioni ni jina la kijeshi. Legioni moja ya Kirumi ilikuwa na askari kama 5,000. Mtu wa mwaka 70 aliyesikia Legioni wakitupwa baharini kwa umbo la nguruwe hakuhitaji kufafanuliwa. Legioni ya Kumi, iliyoitwa Fretensis, ilikuwa miongoni mwa majeshi yaliyoizingira Yerusalemu mwaka 70 na ndiyo iliyoachwa kulinda magofu ya mji. Miongoni mwa alama zake ni nguruwe mwitu na meli ya kivita. Vigae vyenye mhuri wake vimechimbuliwa Yerusalemu kwenyewe. Ongeza kitabu cha Kutoka, ambako jeshi la Farao linazama baharini, na usomaji wa kisiasa unakamilika.

Unavutia mno. Mimi huusoma kwa furaha, kisha nauwekea maswali.

La kwanza, wakati wa Yesu, miaka ya 30, hakukuwa na legioni iliyopiga kambi Galilaya wala katika Miji Kumi ya mashariki, ile Dekapoli. Legioni zilikuwa Siria, na Pilato aliendesha Uyahudi kwa vikosi vya wasaidizi. La pili, miji ya Dekapoli haikumwona Mrumi kama mkoloni kwa namna Wayahudi walivyomwona. Pompey, jemadari wa Kirumi, alipofika mwaka 63 kabla ya Kristo aliitoa chini ya watawala wa Kiyahudi wa nasaba ya Wahasmonia, na miji kadhaa ikaanza kuhesabu miaka kuanzia hapo kwa shukrani. Kumfanya kichaa wa Gadara au Gerasa mwathirika wa utawala wa Kirumi ni kuhamisha machungu ya upande wa magharibi wa ziwa na kuyapeleka mashariki.

Josephus anasema kwamba wakati wa vita vya Wayahudi na Warumi, Vespasian alimtuma ofisa Lucius Annius kuivamia Gerasa. Vijana 1,000 wakauawa, familia zikatekwa, nyumba zikachomwa. Wanaopenda usomaji wa kisiasa huikamata habari hii kwa mikono miwili. Lakini Josephus huyo huyo anasema watu wa Gerasa hawakuwadhuru Wayahudi waliokaa kwao vita vilipoanza, na mji ule ulikuwa rafiki wa Roma, kiasi kwamba wapo wanaoshuku kama Gerasa iliyochomwa ni ile ile.

Kinachonishawishi zaidi ni habari nyingine ya Josephus, ambayo haitajwi sana. Mwaka 67, karibu na Tarikea, mji wa kando ya ziwa la Galilaya, Warumi waliwafuata ziwani Wayahudi waliokimbia kwa mashua. Wengine walichomwa mishale, wengine walikatwa mikono walipojaribu kushika vyombo vya adui. Josephus anasema ziwa liligeuka jekundu, na siku zilizofuata ufukwe ulinuka maiti zilizovimba. Kwa hesabu yake walikufa zaidi ya 6,000. Ni ziwa hili hili la nguruwe. Msikilizaji wa Marko miaka mitatu baadaye, kama alikuwa amesikia habari za Tarikea, alisikia kisa ambamo safari hii anayezama ni Legioni. Hapo siasa haitafutwi kwa tochi. Ila ni siasa ya msikilizaji na ya msimulizi. Haituambii nini kilimpata mtu wa makaburini miaka 40 kabla.

Na bado kuna Mathayo. Mathayo aliandika baada ya vita, akamfuta Legioni kabisa, na kisa chake kikaendelea kusimama. Kama shabaha ya kisa ingekuwa jina lile, yeye hakuitambua, au hakuijali.

Daktari makaburini

Sasa mgonjwa. Dalili zake zimeandikwa kwa ukamilifu usio wa kawaida: kujitenga na watu, kutolala, kelele zisizokoma, kujijeruhi, nguvu za kupita kiasi, uchi (Luka anausema waziwazi, Marko anaugusa tu anapotaja kwamba baadaye alikuwa amevaa), na lugha inayorukaruka kati ya “mimi” na “sisi”. Waandishi wa fani ya tiba wamempa skizofrenia, wamempa ukichaa wa furaha na mihemko, wamempa nafsi iliyogawanyika. Anayetaka anachagua.

Shaka yangu na uchunguzi wa mbali kama huu ni kwamba daktari hana mgonjwa, ana hadithi. Kama makaburi yametoka kwa Isaya, basi anampima Isaya. Lakini si kila dalili imetoka kwa Isaya. Minyororo iliyokatika haimo mle, na kujikata kwa mawe hakumo. Vitu hivi havina kazi kubwa ya kiteolojia, na mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na mgonjwa wa namna hii atavitambua bila kuelezwa.

Isidhaniwe pia kwamba watu wa kale hawakujua kutofautisha. Zaidi ya karne nne kabla ya Marko, katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates, mwandishi alishasema kwamba kifafa, kilichoitwa ugonjwa mtakatifu, si kitakatifu kuliko magonjwa mengine na chanzo chake ni ubongo. Mvulana wa Marko 9, anayeanguka motoni na majini, anatoka povu, anasaga meno na kukauka, anafanana sana na mwenye kifafa, na hata Mathayo anamweleza kwa maneno ambayo wasomaji wa kale waliyahusisha na ugonjwa huo. Yule wa makaburini hafanani naye hata kidogo. “Mwenye pepo” lilikuwa kapu kubwa, na ndani yake walitiwa watu wa hali tofauti kabisa. Ndiyo maana swali la jumla, kama visa vya pepo vina maelezo ya kisaikolojia, halijibiki. Kisa kwa kisa, linajibika kiasi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake mpya wa magonjwa ulioanza kutumika 2022, lina ugonjwa wa kupagawa unaoelezwa hivi: utambulisho wa kawaida wa mtu unachukuliwa na nafsi nyingine ya nje, bila hiari yake, na kwa namna isiyokubalika kama sehemu ya desturi au ibada ya jamii yake. Sharti hilo la mwisho ni muhimu. Wanasayansi wenyewe wanakubali kwamba kupagawa kuna sura inayotokana na jamii, na pepo huvaa nguo zinazopatikana mahali alipo.

Hili watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa. Unguja, kwenye kilinge cha kibuki, yaani ngoma ya masheitani, shetani anayepanda ametoka Bukini (Madagaska), ni Mkristo, na anadai brandi, ilhali kiti chake, yaani mtu anayempanda, ni mama wa Kiislamu ambaye siku zote pombe haigusi. Wapo masheitani wa Kihabeshi, wapo wa Kiarabu, wapo warubamba wa Pemba. Kila taifa lililowahi kufika na nguvu zake limeacha sheitani wake. Na utaratibu unafahamika: akishapanda anaulizwa ni nani, ametoka wapi, anataka nini. Kisha wanapatana. Ukitoka hapo ukarudi kwenye Marko 5, mahojiano yale hayakushangazi tena. Jina lako nani? Unataka nini? Tusifukuzwe katika nchi hii. Basi turuhusu tuingie mle. Ni mapatano ya kilingeni, hatua kwa hatua, ingawa kilinge chetu mara nyingi hukubali sheitani abaki kwa masharti, na Yesu hakubali.

Afrika Magharibi inatoa mfano ulio karibu zaidi na Legioni. Miaka ya 1920, katika Niger ya Wafaransa, lilizuka kundi la Hauka, ambao wafuasi wake walipagawa na mapepo ya wakoloni: Gomno, yaani gavana, Kapral Gardi, koplo wa walinzi, Lokotoro, daktari, Zeneral Malia, jenerali wa Bahari ya Shamu. Walipiga kwata, walitoa amri, walitoka povu. Mwaka 1954 Jean Rouch, mtengeneza filamu Mfaransa, aliwapiga filamu karibu na Accra, walikokwenda kufanya vibarua. Hakuna aliyewafundisha kutunga mafumbo ya kisiasa. Vyeo vile vilitoka vinywani mwao wakiwa wamepagawa.

Kwa hiyo mpaka kati ya maelezo ya kisiasa na ya kisaikolojia unafifia. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili Blida nchini Algeria tangu 1953 hadi 1956, aliandika kwamba dansi na kupagawa vilikuwa mahali ambapo aliyetawaliwa alipumulia, na wasomi wa Biblia kama Paul Hollenbach, mwaka 1981, wakampelekea Fanon yule mtu wa makaburini. Mimi nasita kufika mbali hivyo, kwa sababu zile zile za Dekapoli. Hata hivyo, si lazima uwe umepigwa na legioni ndipo neno hilo likuingie. Mwaka 4 kabla ya Kristo, Varus, gavana Mrumi wa Siria, alishuka na legioni kuzima maasi ya Wayahudi. Sepphoris, mji wa Galilaya, ikachomwa, watu wake wakauzwa utumwani, na Josephus anasema watu kama 2,000 walisulubiwa. Habari kama hizo zinavuka ziwa. Kichaa anayetafuta jina la kitu kikubwa, kingi, kisichozuilika, kinachoingia mahali bila kubisha hodi, jina hilo alikuwa nalo.

Tazama jinsi jina lenyewe linavyofafanuliwa: kwa kuwa tu wengi. Wingi, basi. Msimulizi aliyetaka kuwachoma Warumi asingeupunguza ukali wa mshale wake kwa maelezo, labda kama aliogopa. Kwa mgonjwa, ufafanuzi ule unaingia akilini moja kwa moja. Nikibanwa nitoe uamuzi, nitasema jina linaweza kuwa la mgonjwa, nguruwe ni wa wasimulizi, na vita vya mwaka 67 hadi 70 vilivikutanisha viwili hivi vikapata maana ambayo huenda havikuwa nayo mwanzoni.

Kilichobaki chini kabisa

Kwamba Yesu alijulikana kama mtoa pepo, hilo hata wasomi wenye shaka hawalikatai kirahisi. Injili ya Yohana haina kisa hata kimoja cha kutoa pepo, lakini vyanzo vya Injili nyingine tatu vimejaa. Wapinzani wake hawakusema hatoi. Walisema anatoa kwa Beelzebuli, mkuu wa pepo. Naye akawauliza, wana wenu huwatoa kwa nani? Maana yake kazi hiyo ilikuwa na watu wengi. Kanisa liliipokea likaiendeleza hadi ikawa cheo: katikati ya karne ya 3, askofu Cornelio wa Roma aliandika kwamba kanisa lake lina mapadri 46, na watoa pepo, wasomaji na mabawabu jumla yao 52.

Ndani ya Marko 5 kuna mambo ambayo kanisa lisingeyatunga kwa faida yake. Marko anataja, kana kwamba amekumbuka baadaye, kwamba Yesu alikuwa ameshamwamuru pepo atoke. Yaani aliamuru, na pepo akabaki anazungumza. Zaidi ya hapo, pepo ndiye anayemwapisha Yesu kwa jina la Mungu asimtese. Kauli ya mganga iko kinywani mwa mgonjwa! Ndipo linaulizwa jina. Mathayo hana amri iliyochelewa, hana kiapo, hana swali la jina. Kwake Yesu anasema neno moja: nendeni. Anayesafisha huonyesha palipokuwa na doa, na doa hilo ndilo ninaloliamini kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa. Panaonekana tukio gumu lililochukua muda, likahitaji mabishano.

Nikubali pia kwamba watu wa mji walimfukuza mponyaji. Hasara ya nguruwe si sababu inayotajwa. Marko anasema waliogopa walipomwona mtu amekaa ana akili zake. René Girard, mwanafikra Mfaransa, katika kitabu chake cha 1982 juu ya mbuzi wa kafara, alipendekeza kwamba mji na kichaa wake walikuwa wamezoeana: wanamfunga, anakata, wanamfunga tena, naye anajipiga mawe mwenyewe kabla hawajampiga. Girard huwa anavuta kila kitu kielekee nadharia yake, lakini hapa ameona kitu. Minyororo inayokatika kila mara haijakusudiwa kufunga sawasawa. Mji uliokuwa na mtu mmoja wa kubeba wazimu wote ulimpoteza mchana mmoja, na haukujua umfanye nini.

Uponyaji wenyewe, kwa macho ya saikolojia, hauhitaji kupuuzwa. Mtu ambaye jamii yake yote inaamini ana pepo, na yeye anaamini, akikutana na mgeni mwenye sifa kubwa, asiyemwogopa, anayemuuliza jina badala ya kumletea mnyororo, anaweza kutulia ghafla. Hali za nafsi kugawanyika hufunguka hivyo, kwa lugha ile ile zilizojifungia. Skizofrenia haifunguki hivyo. Ndiyo sababu, kama kulikuwa na utulivu wa kweli siku ile, mimi ninaelemea kwenye kupagawa zaidi ya skizofrenia. Kisha anapewa agizo linalofanana na la wodi ya leo: anaomba aondoke na Yesu kwenye mashua, anakataliwa, anaambiwa arudi nyumbani kwa watu wa kwao.

Marko anamwacha akitangaza habari zake katika Dekapoli, na hapo kumbukumbu inakatika. Je, alikaa salama? Kisa hakisemi, lakini wakusanyaji wa maneno ya Yesu hawakuwa watu wa kudanganyika. Mathayo na Luka wamehifadhi usemi kwamba pepo mchafu akimtoka mtu hupita mahali pasipo maji akitafuta raha, asipate. Hurudi kwenye nyumba aliyotoka, huikuta imefagiwa na kupambwa, huenda kuchukua pepo wengine saba walio waovu kuliko yeye, na hali ya mwisho ya mtu yule huwa mbaya kuliko ya kwanza. Watu waliohifadhi maneno hayo walikuwa wamekwisha kuwaona wagonjwa wao wakirudiwa.